Kipimo Nilichokitia Saini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, watoto wameanza tena kula, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mwili haujambo. Moyo, tuuache tu.

Tangu tumzike shemeji sijakanyaga kwako. Ulilalamika kwenye simu kwamba nimekutupa. Sikuwa na uso wa kukutazama, dada.

Taarifa ya kiwandani uliisikia: eti mumeo aliingia kwenye tangi bila kupima hewa. Ukalia, ukasema kumbe amewaacha yatima kwa haraka zake. Shemeji na haraka wapi na wapi! Mtu tuliyemwita Polepole, aliyejaribu ngazi kwa mguu mara tatu kabla ya kuipanda!

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Kipimo cha oksijeni kina seli ndogo, kama betri. Oksijeni ikigusa elektrodi, volti hupatikana, na kipimo huigeuza kuwa namba. Taabu ni kwamba oksijeni ikipungua hata nusu, volti hushuka kiduchu tu. Na seli ikichakaa, huweza kung'ang'ania palepale, hewa iwepo isiwepo. Kwa hiyo tunaipima mara mbili: kwenye hewa ya kawaida, halafu kwenye naitrojeni tupu, isiyo na oksijeni. Huko ikikataa kushuka, tunaitupa.

Asubuhi ile mtungi wa naitrojeni ulikuwa mtupu. Watu wa stoo walisema mwingine ungefika mchana. Shemeji akaja dirishani kwangu, akauliza, "Shemeji, kiko sawa hiki?" Nilikuwa nimekipima kwa hewa ya kawaida tu, na namba ilikuwa nzuri. Nikamjibu kiko sawa. Nikatia saini sehemu zote mbili za fomu. Akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya msiba kipimo kilirudishwa mezani kwangu. Kina kumbukumbu, dada, nikaifungua. Shemeji alikishusha ndani ya tangi, akangoja dakika kumi, wakati sheria inataka tano. Namba ilisimama vizuri muda wote. Ndipo akaingia. Mtungi mpya ulikuwa umeshafika, nikakitia kwenye naitrojeni, na namba ikabaki karibu palepale. Nikakifungia kwenye droo. Wiki sita nimekaa kimya, nikikusikia ukimlaumu marehemu kwa kosa langu.

Leo nimekipeleka kwa wachunguzi pamoja na fomu yangu. Wamenisimamisha kazi, na huenda nikashtakiwa. Sikuombi unitetee. Hata msamaha sijathubutu kuuomba.

Msalimie mama, mweleze wewe, mimi nimeshindwa. Wabusu watoto, hata kama hutawaambia busu limetoka kwa nani. Ila waambie baba yao alipima, na alingoja kuliko alivyotakiwa. Aliingia mle kwa sababu aliniamini.

Ni mimi, mdogo wako.