Mchungaji, Jina Lako Limesomwa

Mpwa wangu Mchungaji Elisha,

Huko uliko nadhani wameshakwambia, lakini ni bora uisikie kwa mwenyewe: tangu tukuzike, usharika huu mzima umesimama juu ya mabega yangu. Sijisifu. Shuka popote kati ya Mabatini na Bujora, sema unamtafuta Masanja fundi baiskeli, mjomba wa marehemu mchungaji. Hata mgeni aliyefika jana atakuonyesha mlango. Kanisa lina askofu, ni kweli. Lakini na yeye akikwama anajua pa kuuliza.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Darasa la tano sikulimaliza, kwa hiyo mwandiko uuvumilie, na ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi, ujue hapo ndipo penye hoja.

Wameiondoa alfajiri ya Pasaka.

Ile ibada yako ya saa kumi na moja. Ile ya kushuka makaburini nyuma ya kanisa, kwenye mawe yanayoelekea ziwani, na taa moja tu ya chemli langoni, wewe ukisimama katikati unasoma majina ya waliotutoka tangu Pasaka iliyopita. Unasoma jina, unasema Kristo amefufuka, sisi tunaitika amefufuka kweli, halafu jina linalofuata. Hiyo ndiyo wameiondoa.

Aliyekurithi ni kijana mwenye viatu vilivyochongoka mbele. Katueleza kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwamba kuna umande, kuna nyoka, na watu siku hizi wanataka Pasaka ya furaha. Ibada iwe saa tatu, ndani, na spika nne. Majina ya marehemu yatapita ukutani kwa ile mashine yao ya kuonyesha picha, wakati kwaya inajipanga. Kwaya inajipanga, Mchungaji! Mtu amekufa, jina lake linapita kama tangazo la soda, na watu wanatafuta pa kukaa.

Na jina la kwanza mwaka huu ni lako.

Halafu hanipi shikamoo. Ananipa mkono, "Bwana asifiwe, mzee," macho yake yako kwa mtu wa nyuma yangu. Wewe ulikuwa umevaa joho, umetoka kuwabariki watu, ukinifikia mlangoni unainama kabisa: "Shikamoo, mjomba." Nami marahaba nilikuwa naichelewesha kidogo, ili na waliosimama mbali wapate kusikia.

Basi kikaoni nilisimama. Unanijua nikisimama. Niliwahi kusimama mbele ya kiboko pale ufukweni, nikamsomea Zaburi ya ishirini na tatu, na tulipofika kwenye bonde la uvuli wa mauti akageuka mwenyewe akarudi majini. Waliomwona wapo, ingawa wengi wao wamehamia Geita. Nikawaambia wazee: huyu aliwaita wafu wenu mmoja mmoja, baba zenu, watoto wenu, kwenye mvua na kwenye baridi. Leo zamu yake imefika mnaniambia umande? Nikaapa mbele yao kwamba jina la Elisha litasomwa kaburini kwake alfajiri, na nitalisoma mimi, hata kama ni peke yangu.

Mzee mmoja akacheka, akasema, "Masanja, wewe?" Nikamuuliza anacheka nini.

Kwaresima hii imenichosha. Kila Jumatano jioni miguu inanipeleka kanisani kusikiliza tafakari zako, nafika, nakumbuka. Hukupenda watu watangaze walichokiacha. Mmoja kaacha nyama, mwingine kaacha soda, wote wanataka tujue. Ulituambia, "Tumbo likifunga na mdomo ukaendelea kula watu, hiyo si Kwaresima, hiyo ni njaa." Nilikuwa namgeukia jirani kuona kama limemwingia. Kesho yake ukaja mpaka kibandani kwangu, ukakaa juu ya tairi bovu, ukaniambia taratibu, "Mjomba, mwaka huu acha kitu kimoja tu. Kujisifu." Nikakuuliza: nikiacha mimi, kazi hiyo ataifanya nani? Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lakini nilijaribu, na hilo uliandike huko. Siku tatu. Hapa Mabatini hakuna mwingine aliyefikisha siku tatu.

Na lile hubiri lako la kila Pasaka, lililokuwa linanikera. "Wanaume walijifungia ndani. Waliokwenda kaburini kungali giza ni wanawake. Wala hawakwenda kwa sababu walikuwa na imani kubwa. Walikwenda kwa sababu maiti alikuwa wa kwao. Imani iliwakuta hukohuko." Kila mwaka nilikulalamikia kwamba unatuvunjia heshima mbele ya wake zetu. Ukanijibu, "Mjomba, hiyo sikuiandika mimi."

Nina kesi na Bwana wako vilevile. Utaratibu unajulikana: mjomba anatangulia, mpwa anasimamia mazishi na kusema maneno mazuri. Nilikuwa nimeshakutajia ya kusema juu yangu, na ya kiboko yamo. Sasa atayasema nani, huyu wa viatu? Homa ya siku nne, Mchungaji. Siku nne tu, na juma lililofuata watu wanapakwa majivu, wanaambiwa u mavumbi wewe, kana kwamba kuna aliyekuwa amesahau. Mimi niliondoka kwenye foleni ya majivu kabla ya zamu yangu. Nikafunga siku zote arobaini kwa hasira, bila kuomba hata neno. Sijui kama kwenu huko inahesabika. Wewe ungesema inahesabika, ulikuwa mlegevu kwa watu wenye hasira. Ulisema mtu anayemgombeza Mungu walau anajua Mungu yuko wapi.

Sasa taarifa yenyewe. Jina lako limesomwa.

Limesomwa kungali giza, ziwa limetulia, kaburini kwako, kama nilivyoapa. Mama yako, dada yangu, alivuka kwa kivuko kutoka Sengerema Jumamosi na goti lake lile bovu. Mkeo naye alikuwepo. Wazee wa kanisa hakuja hata mmoja, na hilo nitawakumbusha mpaka na wao wafukiwe. Likasomwa jina lako la ubatizo, na la babu yako, yote. Kristo amefufuka. Amefufuka kweli. Katika kuitikia, sauti iliyozidi ilikuwa yangu; wavuvi waliokuwa wanarudi na dagaa waliacha kupiga kasia, wakavua kofia.

Saa tatu spika zikaanza. Nilikwenda, nikasimama nyuma. Jina lako likapita ukutani, nilikuwa bado navuta pumzi, likawa limeshapita. Nikatoka.

Mwakani alfajiri yako itarudi. Nimeshawaambia, na wasiposikia tutakuwa sisi watatu tena. Na mwakani jina nitalisoma mimi, hapohapo kichwani pako, kwa mdomo wangu. Hiyo ni ahadi ya mjomba kwa mpwa, sihitaji shahidi.

Pumzika, Elisha. Marahaba, mwanangu. Naitoa mwenyewe, maana hakuna tena wa kuniamkia vile.

Limebaki jambo moja dogo. Miaka yote nimetamba mjini kwamba mshika taa ya Pasaka ni mimi, kwamba mchungaji alinichagua mbele ya watu wote. Ni kweli ulinichagua. Ulisema, "Taa inataka mtu imara, asimame langoni asitikisike, wenzake wapite." Nikasimama langoni, na kila mwaka nikabaki hapo langoni. Pasaka hii nilifika wa kwanza, kabla ya jogoo, na taa yangu imewaka. Nikakaa juu ya jiwe, nje ya lango, mpaka wanawake wakaja. Mama yako hakuniuliza kitu, ametulea wote. Aliichukua taa mkononi mwangu, wakaingia, akalisoma yeye. Mimi niliitikia kutoka nje.

Naogopa makaburi kukiwa giza, Mchungaji. Naogopa tangu utoto. Na wewe ulijua, ndiyo maana ukanipa taa.

Mjomba wako,
Masanja