Kopo la Vifungo

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu tangu Mzee afariki. Ofisini watu bado wananyata, kama vile atatoka chumbani mwake aulize nani anapiga kelele. Leo binti yake amekalia kiti chake. Ameniita dada, kwa heshima zote, akaniomba nimsaidie kuandaa siku ya kumuenzi baba yake. Jumamosi ya tarehe 15, ukumbi wa chini. Hotuba, picha, na kabati la kioo la kuwekea vitu vyake: miwani, kalamu, kofia ngumu aliyovaa siku ya kufungua shule ya kwanza.

Eti mimi ndiye ninayemjua kuliko wao, maana nimekuwa katibu wake miaka ishirini na mbili.

Namjua. Ndiyo shida yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Wamechagua barua ya kusomwa ukumbini. Ile ile! Nilijua tu.

Barua za Mzee niliziandika mimi. Kwa mkono, wino wa bluu, kwa sababu alisema barua ya kupigwa chapa haina upendo. Yeye alitia saini. Mwaka mmoja watoto wa shule aliyoijenga walimwandikia kumshukuru. Mzee yuko mbioni, anasafiri kesho yake, mimi nimechoka, maneno yameniishia. Nikamwandika mama yangu kana kwamba ni mama yake. Kwamba mama alifua nguo za watu. Kwamba kila kifungo kilichong'oka alikitia kwenye kopo, akakishona kabla ya kurudisha nguo. "Hakuna shati lililotoka mikononi mwake likiwa pungufu, nami nataka kuwarudishia watu vyao hivyo hivyo, vikiwa kamili."

Akasaini bila kusoma. Mwalimu mkuu akaitundika ukutani, redio nazo zikaanza kumwita mtoto wa mfuaji. Mzee aliponiita nilijua kibarua kimeota nyasi. Akacheka. Iache, akasema, imewapendeza watu.

Mama yake Mzee hakuwahi kufua hata leso. Alikuwa na watumishi wanne. Alikufa kabla binti huyu hajazaliwa, na binti kaipokea hadithi kama alivyopewa. Mtu kamwachia mwanawe bibi wa kuazima, akaenda zake.

Shule zipo, zahanati zipo. Hayo simnyimi.

Alhamisi, 6 Machi

Binti ameuliza kama lile kopo bado lipo. Nikasema sijui. Basi, akasema, nitafute lolote la zamani, nilijaze vifungo, wageni wanataka kitu cha kutazama.

Nikaitikia. Miaka ishirini na mbili naitikia, mdomo umeshazoea.

Jumatatu, 10 Machi

Kopo nililonunua sokoni limekataliwa. Linang'aa mno. Vifungo vyote vya aina moja, ni dhahiri vimetoka dukani. Binti hakukasirika, alisikitika tu, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema angependa baba yake aenziwe kwa kitu cha kweli.

Nikajisikia nikisema huenda Mzee aliwahi kuniachia la mama yake, nitaangalia nyumbani.

Sijui ulimi uliteleza vipi ukatoka huo upumbavu.

Jumanne, 11 Machi

Mama alikuwa nje anaota jua. Nikaingia chumbani kwake, nikainama chini ya kitanda kama mwizi. Kama? Ni mwizi.

Kopo la majani ya chai, limebonyea upande mmoja, mfuniko umefungwa kwa uzi wa bluu. Nikalifungua. Vifungo vya wateja waliohama, waliokufa. Na kimoja cha shaba chenye nyota, cha sweta yangu ya shule. Wateja kwanza, Mama alikuwa akisema, chako kesho. Nilimaliza shule na pini.

Ningeweza kusema ukweli kesho asubuhi. Lakini wiki yangu ya kwanza ofisini mhasibu aliniuliza mama anafanya kazi gani, nikajibu ana duka la vitambaa. Halafu siku ile nilipoacha miwani nyumbani, Mama akaniletea ofisini, na kanga yake imelowa povu. Wakaniuliza ni nani huyo. Nikasema jirani.

Alisikia. Aliniwekea miwani mezani, akaaga kijirani.

Namlaumu Mzee kwa kunichukulia mama. Mimi nilikuwa nimeshamtoa.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa. Kadi za mwaliko ni za wafanyakazi na familia zao. Dereva wa ofisi, mwema wa watu, alipita nyumbani akampa Mama kadi mkononi.

Nimekuta gauni limepigwa pasi. Nikamwambia ukumbi una ngazi. Atapanda, fimbo anayo. Nikamwambia hotuba zitakuwa ndefu. Atakaa. Ana miaka themanini na moja na nia yake haijawahi kukunjika.

Anataka kumuaga Mzee. Amemsikia redioni. Amesema mtu mkubwa vile kumtaja mama yake mfuaji, mbele za watu, bila kuona haya, huyo alilelewa. Alisema hivyo anajaribu kamba za viatu vya kesho, hakunitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nyuma ya ratiba. Niko msalani, ukumbini bado watu wamejaa.

Barua imesomwa. Binti aliisoma vizuri, akapunguza mwendo pale pa vifungo. Watu wakafuta macho. Mama hakufuta. Alikaa wima, mikono juu ya fimbo. Nilijikaza kisabuni nikidhani pengine hakusikia vizuri.

Akainuka. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kabati la kioo. Nikamfuata.

Alilitazama kopo muda mrefu. Binti akaja, mpole, akamshika kiwiko. "Shikamoo, bibi. Hilo lilikuwa la nyanya yangu."

"Marahaba, mwanangu. Nyanya yako alikuwa anafua?"

"Ndiyo, bibi. Nguo za watu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akaweka kidole juu ya kioo. "Na hicho chenye nyota, kilikuwa cha nani?"

Binti akatabasamu, akanigeukia. "Dada, wewe ndiye mwenye historia yote. Kilikuwa cha nani?" Wageni wawili watatu wakageuka pia. Akaongeza, kwa adabu: "Na bibi huyu ni nani wako?"

Mama naye akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja siku ile ya miwani.

Nikasema ngoja nikaangalie kwenye faili.

Faili! Nimejifungia huku, ukuta mmoja tu na ukumbi. Hakuna faili. Nasikia fimbo yake inagonga sakafu, haiendi mbali, inazunguka pale pale kwenye kioo. Binti anaagiza bibi aletewe kiti. Mama anasema hapana, atasimama, mwenye jibu anakuja.