Picha Yako Imetundikwa kwa Vibanio

Kiseke, Mwanza
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na nyingine, maana ile ya juzi niliipa karatasi, kama utakavyosikia. U mzima? Nakuomba hilo ulijibu kwanza kabla hujasomewa mengine. Najua anayekusomea ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu Deo. Shemeji, soma polepole, na usitie chumvi mahali ninapojisema vibaya, panatosha penyewe.

Mimi ni mzima. Tumbo linaongezeka, nywele zinapungua, na funguo za stoo kiwandani bado ninazo mimi, kwa hiyo nanukia samaki hata nikiwa kanisani.

Sasa mama, ukisikia umekufa, usiamini.

Mbona hukuniambia kwamba ulipigwa picha? Yule binti Neema, aliyepita huko Muleba na kamera shingoni, ameleta picha zake mjini na kuzionyesha katika ukumbi mmoja kule Mirongo. Alhamisi mwenzangu wa kazini alinivuta twende baada ya zamu. Naingia, nageuka kushoto, nakukuta umesimama. Urefu wako uleule, kandambili, kanga ya shamba iliyochanika pindoni, mundu wa kukatia majani ya migomba mkononi, unaniangalia kama siku ile nilipovunja mtungi wa maji. Fremu hakuna, kioo hakuna. Karatasi tupu, imebanwa juu kwa vibanio viwili vya chuma, inaning'inia kwenye waya mpaka miguu yako inakaribia sakafu. Feni ikivuma, unatikisika kidogo.

Nikasema, "Shikamoo mama." Kwa sauti. Mwenzangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Hasira ilinijia baadaye. Nyumbani kwetu hata kalenda ya parokia ina fremu. Picha ya Deo ya komunio ya kwanza, ambayo amefumba macho, ina fremu, ina kioo, na kitambaa cha kufuma juu yake. Halafu mama mzazi anabanwa kama shuka lililofuliwa! Nikamtafuta Neema.

"Binti, huyu ni mama yangu."

"Shikamoo baba. Nimeshajua, mnakunja uso namna moja."

"Marahaba. Fremu yake iko wapi?"

"Sikuweka. Nikiweka kioo, watu wanajitazama wenyewe, wanatengeneza nywele. Na fremu inawafanya wasimame mbali. Mimi nataka wamkaribie."

"Wamkaribie wamfanye nini?"

Kabla hajajibu, mama mmoja mwenye kikapu akapita mbele yako, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo," akaendelea na safari yake. Nilidhani ananitania mimi.

Sikuelewa, mama. Na mwanao asipoelewa jambo huwa hatulii, unanijua. Nilikwenda kwa fundi seremala, akanitengenezea fremu ya mninga yenye maua ya kuchonga kwenye pembe, akaipaka vanishi mpaka ikameremeta. Jumamosi nikaibeba mpaka ukumbini. Neema aliitazama fremu, akanitazama mimi, akasema, "Haya baba. Mama ni wako. Jaribu." Tukakutia ndani, kioo juu, tukakutundika ukutani huko karibu na dari. Nilisimama chini nikajisifu kwamba mzee Fidelisi leo amefanya kazi.

Jana baada ya misa nikarudi kupokea sifa. Aliyetangulia ni baba mmoja, akavua kofia. Mkewe akalinganisha uso wangu na wako, akanishika mkono. "Pole sana baba. Alikuwa na sura ya upole."

Nikasema asante. Mama, nisamehe, nilisema asante! Mtu akinipa neno jema mimi hushukuru kwanza, kufikiri baadaye. Wa pili naye akanipa pole, nikashukuru. Wa tatu alipofanya ishara ya msalaba ndipo nilipoinua macho nikaona nilichokifanya. Picha kubwa ya mtu mzima, fremu inang'aa, watu tunaionaga wapi? Mimi mwenyewe niliibeba ya baba kifuani, mbele ya jeneza, kutoka kanisani mpaka kaburini, kati ya migomba ya kibanja chetu.

Nikawa natafuta bisibisi, mara akaingia mzee Laurenti, yule fundi cherehani wa kwetu aliyehamia huku. Macho mekundu.

"Fidelisi! Umemzika mama kimyakimya? Hata sisi wa nyumbani hukutuita?"

"Mzee, mama ni mzima."

"Mzima, na umemweka huko juu?"

"Mzima kabisa."

"Umemwona lini?"

Hapo nikahesabu nyuma. Nikaanza na Krismasi, nikakuta si hii iliyopita. Wala si ile ya kabla yake. Nikasema, "Shemeji aliniambia anaendelea vizuri."

Mzee Laurenti akavaa kofia yake. "Kwa hiyo hujui," akasema.

Mama, nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Nikakutazama tena. Hiyo mikono imekonda hivyo tangu lini? Nikamuuliza Neema ulikuwaje siku ile. Akasema ulicheka sana, ulimpa ndizi mbivu, na ulipomsindikiza barabarani ulikaa chini mara mbili. Mara mbili? Barabara iko hapo tu, nyuma ya mibuni!

Fremu tumeitoa, umerudi kwenye vibanio. Jioni ileile mtoto wa darasa la kwanza akakuamkia, nami bado sijui nani ana haki. Bila fremu naona umeanikwa. Ukiwa na fremu, umezikwa. Neema anasema maonyesho yakiisha picha ni yetu, niamue itakaaje. Nimemwambia asiniulize.

Tatizo ni kwamba mzee Laurenti aliniona kwa mbali nikipokea mikono ya pole, akampigia simu mama mdogo wa Kamachumu kabla hajanifikia. Baadaye alimpigia tena kukanusha, lakini unamjua mdogo wako, anachosikia kwanza ndicho anachokishika. Akiingia uani analia, toka wewe mwenyewe umpokee, usimtume mtu. Na Jumapili kakae benchi la mbele kanisani.

Simu haitanisaidia. Kwenye simu wewe ni mzima kila siku. Leo asubuhi nimeomba likizo, wamenipa siku kumi. Barua hii inatangulia na mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi, anasafiri kesho. Mimi nitapanda basi pale Usagara siku ya Alhamisi. Sileti picha wala fremu. Usichinje kitu, usifagie uwanja, na ukinisikia nabisha hodi usinyanyuke kunionyesha kwamba una nguvu. Kaa hapohapo ulipo. Nitakuja mimi mpaka hapo, nikuangalie vizuri, nawe utaniambia ukweli.

Nisalimie Deo na shemeji, watoto wao wote, mama mdogo akishafuta machozi, na katekista wetu, ambaye asianze kutangaza chochote.

Mwanao, ninayekuja,
Fidelisi