Adhana Ilinikuta Njia Panda

Shoga yangu Riziki,

Nilichelewa tena. Wiki mbili zimepita tangu niijaribu ile safari yetu, Shelly Beach mpaka kwa mama yako Msambweni, kwa miguu, kwa siku moja, na ukucha wa kidole gumba cha kulia umeng'oka juzi nikivaa soksi. Nimeutia kwenye kopo la vifungo. Najua ungecheka, kwa hiyo cheka tu.

Nianze na kazini, maana ndiko ambako ungeulizia kwanza. Kule Magongo bado tunashona sare za shule, na fundi mkuu bado anaificha ile mikasi mizuri kisha anasahau alikoificha. Cherahani yako amepewa msichana aliyekuja kutoka Nairobi. Ananisalimia "Niaje, mathe," nami hata mtoto sina. Wiki ya kwanza nilimchukia kwa sababu alikaa kwenye kiti chako, halafu nikautazama mshono wake, nikaona umenyooka, yakaisha. Mkanda wako wa kupimia ninao mimi. Sikumuomba mtu ruhusa.

Yote yalianza siku magari yalipogoma. Tulitoka kazini tukakuta barabara tupu, ukaniambia, "Kadzo, miguu si tunayo?" Tukatembea kutoka Magongo mpaka feri, tukavuka, nikalala kwako Likoni kwa kuwa kwangu Bombolulu hakukufikika tena. Asubuhi hukuwa na hata maumivu, na swali uliloamka nalo lilikuwa hili: mtu akitembea kutoka adhana ya alfajiri mpaka adhana ya magharibi, bila kupanda chochote, atafika wapi? Mwezi uliofuata tulipeleka sare shule moja, ukaona ramani ya Pwani ukutani, ukavua mkanda shingoni, ukaipima mbele ya mwalimu mkuu kama unampima mtoto kaptula. Ukasema mpaka Msambweni ni kilomita sitini na ushee kwa kufuata ufuo.

Sheria ulizitunga wewe. Miguu tu, hata mtumbwi ni haramu. Kukaa ni juu ya jiwe, kwa sababu "ukikaa mchangani utaota mizizi." Na ile ya mwisho, ambayo hukukubali tuijadili: "Adhana ya magharibi ikikukuta, simama. Hapo ulipo ndipo ulipofika." Mimi mtu wa kanisani nikajikuta saa yangu ni misikiti yenu.

Mara ya kwanza unaijua. Nilivaa raba mpya, na tulipofika Diani soksi zilikuwa zimegandana na ngozi. Wewe ulikuwa unatembea kama unakwenda dukani. Nilikwambia uniache uendelee, ukasema, "Nikafike kwa mama peke yangu, nimwambie nini?" Tukarudi kwa gari, na kule mama yako alikuwa ameshapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, ameketi barazani anatazama njia. Ungeniacha ungefika. Sikukuambia ukiwa hai, nakwambia sasa: nililijua siku ile ile, na nilikubali turudi kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu.

Kisha ukafa. Presha, walisema. Nilipata simu saa tatu asubuhi nikiwa kazini, na nyinyi hamcheleweshi maziko. Mpaka nivuke feri, mpaka nifike Msambweni, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta mchanga viatuni. Mama yako alinikumbatia akasema, "Usijali, mwanangu, hukujua." Nikaketi ndani na wanawake wengine, nikanywa kahawa. Sikulia. Nilikuwa nahesabu feri tu, kama ningeipata ile iliyoondoka mbele ya macho yangu.

Ndiyo maana nikaamua kuirudia safari. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Nilitaka mara moja tu nifike kwako wakati haujakwisha. Nikampigia mama yako nikamtajia siku, akasema atapika.

Sasa kosa langu. Unakumbuka ule mto unaoingia baharini pale Tiwi inapokwisha na Diani kuanza. Kwa miguu unavukika maji yakiwa yamekupwa sana tu, na maji hukupwa sana siku za bamvu, mwezi ukishapevuka. Kila siku inayopita saa ya kupwa inachelewa zaidi, karibu saa nzima. Hayo nilikuwa nayajua. Kuhesabu mwezi ndiko kulikuwa kazi yako. Ulikuwa unatoka uani siku ya mwandamo, unautafuta kwa macho, na mpaka uuone ndipo unaanza mosi. Wale majirani wanaofuata mwezi uliotangazwa ng'ambo walikuwa wakikutangulia siku moja, na kila Idi mlibishana. Uliwaambia, "Swala zenu Mwenyezi Mungu azipokee, lakini wallahi bahari ya Likoni haisikilizi redio. Mwezi wake ni huu tunaouona."

Mimi nilikusikia miaka yote hiyo kama mtu anavyosikia ugomvi wa nyumba ya pili. Nikahesabu kwa kalenda iliyotundikwa kwenye duka la hapa Bombolulu ninakonunua unga. Kalenda ilisema siku yangu ya safari ni kumi na saba. Mwenye duka, nimekuja kumuuliza baadaye, anafuata mwezi wa ng'ambo. Kwa bahari ilikuwa kumi na sita.

Nilianza vizuri. Nililala kwa binamu yangu Likoni, na muadhini alipofungua kinywa nilikuwa tayari mchangani Shelly Beach, vidole nimevipaka mafuta ya mgando, begani nina mfuko wa tende na muhogo wa kuchemsha. Tiwi nilifika mapema kuliko siku ile tulipokuwa wawili. Kwa hesabu yangu maji yalikuwa bado yanakwenda nje, nikaona hakuna haja ya kuuwahi mto. Nikakaa juu ya jiwe nusu saa nzima, nikanywa dafu, nikala tende, nikajiona fundi wa safari.

Nilipofika mtoni maji yalikuwa yananifika kiunoni, yanasukuma kuelekea bara. Mwanamume mmoja aliyekuwa na mtumbwi akanitazama akasema, "Dada, umepitwa na saa nzima. Panda nikuvushe, ni hapo tu." Ilikuwa hapo tu, kweli. Ningerusha jiwe likaangukia ng'ambo. Lakini kuogelea sijui, na mtumbwi ulishauharamisha. Nilikukasirikia, Riziki. Nilikukasirikia kwa kwenda na hesabu ya mwezi kichwani mwako bila kuniachia. Kisha nikamshukuru yule bwana, nikageuka, nikafuata njia ya kupanda mpaka barabara kuu penye daraja, nikateremka tena mpaka ufuoni upande wa pili. Zaidi ya saa nzima ikapotelea hapo.

Diani nilipatafuta mahali niliposhindwa mara ya kwanza, sikupatambua. Mchanga ni ule ule kila mahali. Watalii wawili walikuwa wanakimbia, tukapungiana mikono. Alasiri ilinikuta sijafika Gazi, na kwa mpango wako nilipaswa niwe nimeshaipita. Baada ya Gazi nilishika njia za mashambani, na watu waliniuliza ninakokwenda, nikisema Msambweni wananiuliza nilikotoka, nikisema Likoni wananitazama miguu. Bibi mmoja aliniuliza kama nimegombana na mume. Nilimwambia sina mume, akasema basi ndiyo maana. Nilicheka peke yangu mpaka shamba la tatu, halafu nikaona jua limeshuka nyuma ya minazi nikaacha kucheka, nikaanza kukimbia kidogo kidogo, kwa vile vidole.

Adhana ilinikuta njia panda ya shule, hapo penye mashine ya kusaga. Kutoka hapo mpaka kwa mama yako ni kama kilomita moja na nusu. Nguvu za kuzitembea nilikuwa nazo. Hakukuwa na mtu wa kunikamata. Nilisimama.

Nikampigia mama yako. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Adhana imenikuta njia panda ya shule. Nimeshindwa." Akasema, "Marahaba. Kaa hapo hapo," akakata simu. Nilidhani anamtuma mtu wa bodaboda anichukue, na nikawa natafuta maneno ya kumkatalia.

Nikakaa juu ya jiwe. Nilijiambia kwamba hapa ndipo nilipofika, na kwamba mara tatu sasa, safari ile ya kwanza, maziko yako, na hii, mtu wa nyumba yenu ananisubiri nami sitokei. Halafu nikaona mwanga wa kurunzi unakuja pole pole njia nzima, unasimama, unakuja tena. Alikuwa ni yeye. Leso mbili, fimbo, na lile goti. Unajua goti lake. Tangu matanga alikuwa hajavuka ua wa jirani.

Alipofika alikuwa anahema. Nilimwambia mama, Riziki alisema mtu asimame, na mimi nimesimama, mbona umejitesa hivi. Akaegemea fimbo akasubiri pumzi irudi. "Hiyo sheria nilisimuliwa mimi kabla yako," akasema. "Wewe ndiye uliyeambiwa usimame, mwanangu. Mimi sikuambiwa."

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, njia panda, kilio ambacho hakikutoka siku ya msiba. Hakuninyamazisha. Alinishikia mfuko mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Haya, wali unapoa," tukaondoka, yeye amenishika mkono au mimi nimemshika yeye, sijui. Tulitembea vibaya sana, yeye na goti na mimi na vidole.

Asubuhi alinionyesha mlikozikwa, wewe na baba yako, tukiwa kwenye ua wa makuti. Nilisimama hapo muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilikuwa nimetembea kutwa ili niseme kitu na hakikuja, ndiyo maana naandika.

Jana magharibi nilipanda juu ya paa la nyumba tunayopanga, penye kamba za nguo, nikatazama machweo mpaka shingo ikauma. Wapangaji walidhani nimepoteza nguo. Nikauona mwezi. Ulikuwa mwembamba, na haukukaa. Leo asubuhi nilipita dukani, kalenda ikasema leo ni mbili. Sikubishana na mwenye duka, nilinunua unga nikaenda zangu. Kwangu leo ni mosi.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Siku ya kumi na sita, kwa hesabu yako, nitakuwa Shelly Beach kabla muadhini hajasafisha koo, na mkanda wako nitauvaa shingoni. Tiwi sitakaa kwenye jiwe lolote. Mama yako nimeshampa habari. Amesema atapika, lakini njia panda haendi tena, nifike mwenyewe.

Nakuacha upumzike, shoga yangu. Safari hii nataka adhana ya magharibi inikute barazani kwenu, nimeshakaa.

Mwenzio wa njia,
Kadzo