Nusu ya Maneno Uliyoondoka Nayo

Kaka yangu uliyeko Tanga,

Leo mwalimu wa Kiingereza aliinua kitu mkononi, akanisimamisha, akataka nimwambie kinaitwaje. Nikasema ni small, ni heavy, ni cold. Kweli kilikuwa kidogo, kizito, cha baridi. Akasema, "Vizuri, sasa jina lake." Sikuwa nalo. Mmoja wa nyuma akasema, "Huyu anapaka rangi nyumba ambayo hajaijenga," na darasa zima likacheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ubao asionekane akicheka.

Kilikuwa kufuli. Neno hilo lilikuwa lako, Kaka.

Unakumbuka baraza ya nyumba ya mwalimu wetu wa darasa la saba, yule aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro? Kila Jumamosi alituachia kamusi yake isiyo na jalada, tunakili wakati yeye anafua. Jua likishuka aliichukua. Alitufundisha kutazama zile herufi ndogo mbele ya kila neno, zinazosema kama ni jina, kitenzi, kivumishi au kielezi. "Neno bila kazi yake ni mgeni ambaye hajasema anakotoka," alisema. Tulinakili Jumamosi nyingi na bado tulikuwa kwenye herufi ya pili.

Wewe ndiye uliyepata njia. "Hii hatuimalizi hata tukiota mvi," ulisema. "Tuigawane. Mimi nachukua majina na vitenzi. Wewe chukua vivumishi na vielezi."

"Majina ni mengi mno."

"Ndiyo maana nayachukua mimi mkubwa."

"Na nikikosa jina huko sekondari?"

"Nitakuwa dawati la nyuma yako. Nitakunong'oneza."

Niliamini. Tangu siku hiyo sikuandika jina hata moja. Jicho langu likikutana nalo kwenye kamusi, nililiruka kama mtu anayepita shamba la mwenzake.

Mazoezi tuliyafanyia njiani. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini, kando ya barabara ya Kibondo, lakini mizinga ya Baba ilibaki kule kwenye mahame tulikotoka, na tulimfuata kuvuna asali, wewe na majani ya kufukizia moshi, mimi na vibuyu. Ulitaja jina na maana yake, mimi nikalitafutia kivumishi. Ukisema river, mto, nikasema narrow, mwembamba. Ukisema bee, nyuki, nikasema angry, wenye hasira, na siku hiyo walinithibitishia shingoni. Kisha ukasema father. Nikajibu stubborn, mkaidi. Tulicheka hadi Baba akasimama.

"Mnanisema?"

"Hapana, Baba. Mdogo wangu anasema wewe ni hodari."

"Ego," akasema Baba, ndiyo yake ya nyumbani, na akatembea kifua mbele hadi kwenye mizinga.

Kumbukumbu hiyo zamani ilinichekesha. Sasa inaniumiza, kwa sababu ya yaliyomkuta Baba baadaye.

Siku ya mtihani ulitoka umenuna. "Wameuliza nusu yako," ulisema. Nikakuambia hata yako wameiuliza, na mimi nimeacha nafasi wazi nyingi. "Basi tumekwisha wote," ukasema, na hukutaka tena kusikia habari ya kamusi. Lile lori lililokusanya vijana wa kwenda kukata mkonge lilipopita kijijini, mimi nilikuwa mtoni. Nilirudi na ndoo kichwani, Mama akaniambia, "Kaka yako amepanda lori. Amesema wewe utaelewa."

Sikuelewa. Mpaka leo sielewi.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalisomwa uwanjani kwa shule, wazazi wote wapo. Shule nzima tulikuwa wawili. La kwanza lilikuwa lako. Mwalimu Mkuu akalisoma. Akalisoma tena. Baba akasimama katikati ya watu, akaitika, "Yupo!"

"Yuko wapi, mzee?"

Baba alitazama barabarani, kana kwamba lori lingeweza kurudi kwa kuitwa. Kisha akakaa. Lilipofuata langu niliitika kwa sauti ndogo hata jirani yangu hakusikia. Nafasi yako alipewa mtoto wa mahali pengine, na Baba tangu siku hiyo hajaenda kwenye mizinga.

Ulikuwa umefaulu kwa nusu, Kaka. Nusu ilitosha. Kilichokushinda ni kungoja.

Nilikuandikia. Hukujibu. Jirani yetu aliyerudi kutoka huko Tanga kumzika mama yake ndiye aliyeleta neno lako: "Mwambie mdogo wangu mkonge hauulizi Kiingereza." Alilisema akicheka, akidhani ni mzaha mzuri.

Hapa sekondari, Kasulu, kinaulizwa kila siku. Masomo yote ni kwa Kiingereza, na mtihani wa mwisho wa mwaka unakaribia. Atakayeshindwa atarudishwa nyumbani. Huenda nikarudishwa, Kaka, na Baba asimame mara ya pili mbele ya watu. Tangu nifike nimeviacha majina na vitenzi bila kuvigusa. Nilijiambia ni vyako, utakuja navyo. Nilikuwa nakulindia shamba ambalo wewe umeshalitupa.

Leo, baada ya kile kicheko, nimekwenda maktaba. Nimefungua kamusi ya shule kwenye A na kuandika jina la kwanza, kisha la pili, kisha kitenzi kinachofuata. Hakuna aliyeninong'oneza. Niliandika nikitazama nyuma kama mwizi, halafu nikazoea.

Nitafika Z. Huko uliko miiba ya mkonge iihurumie mikono yako, na siku ukirudi, karibu nyumbani, Mama atakupikia. Lakini ukinikuta nayajua maneno yote, yako na yangu, usimwambie mtu kwamba tuliyagawana.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia nusu.