Nyuma! Nyuma!

Kwa kaka yangu Baya, huko Doha,

Mama hajambo, mgongo tu ndio humsumbua. Kuku wako mwekundu ametotoa.

Wakumbuka sinema za alasiri kwenye kibanda cha video hapa Ziwa la Ng'ombe, mimi, wewe na Tinga, kwa shilingi tano tano? Adui akimnyatia stelingi, nilikuwa nikipiga kelele, "Nyuma! Nyuma!" mpaka Tinga akanibandika jina, Mama Nyuma. Ni nyinyi wawili tu mlioniita hivyo.

Jana alasiri vijana wenye mapanga, nyuso wamezifunika, walivamia mtaa wetu. Mmoja aliniinulia panga mlangoni, kisha akasita. Akasema, "Mama Nyuma, ingia ndani." Nikaingia, nikakomea mlango.

Leo asubuhi Tinga amemletea mama mahamri. Akaketi, akacheka, akaniuliza polepole, "Jana ulimtambua mtu?" Nikamwambia sikumtambua yeyote.

Jirani yetu Ruth anakuja huko kikazi, atakupa barua hii mkononi. Kaka, nakuomba usinipigie simu. Tinga ameichukua, eti akaitengeneze, wala haikuwa mbovu.

Ni mimi nduguyo,
Nyamvula