Siku Uliponiomba Nianze Kupanda Mtama

Kwa Achieng, binti yangu mpenzi,

Tangu mradi wenu wa kilimo uishe na kazi ikupeleke Lodwar, hapa nyumbani wananiita Mama Mtama. Silalamiki. Jina lenyewe nimelipata kwa jasho.

Unakumbuka ile asubuhi ulipotuletea mbegu za ule mtama mfupi? Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Wake wa kaka zako, Atieno na Awuor, walisimama kando ya shamba na majembe yao, wananitazama mimi. Mradi ulisema tupande mara moja udongo ukilowa. Lakini wewe ni mtoto wa boma hili, ulijua kwa mila yetu hakuna mke wa mwanangu atakayetia mbegu kabla mimi sijaanza. Na mimi nilikataa.

"Mtama mfupi hivi," nikakuuliza, "ni wa watu ama wa kuku?"

Atieno alicheka, halafu akaegemea jembe lake. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka msimu uliopita. Watoto wake walikuwa wanakunywa uji mara moja kwa siku, na nilijua. Yule ofisa mwenzako akakunong'oneza, "Waanze tu, mama atafuata." Ukamjibu, "Hapana, bwana. Mama ndiye anaanza."

Ukavua viatu vyako vya ofisi, ukachuchumaa matopeni mbele yangu. "Mama, nipe mistari mitatu tu. Nikikudanganya, usinipikie tena."

Ni nani angekataa? Nilijifunga leso, nikapanda mpaka mwisho wa shamba, wale wawili wakinifuata mbio kama wanafukuzwa.

Mambo ya ndege hukutuambia, Bi Ofisa! Tulipiga madebe na kelele kuwafukuza mpaka sauti zikatukauka. Lakini tulivuna. Siku hizi watoto wa Atieno wanashiba, na yule mdogo ananishinda nguvu nikimwogesha.

Sasa nikwambie ukweli. Gari la mradi lilipoacha kuja, niliogopa. Kanisani walikuwa wanasema, "Hawa watarudi tu kule kwa njaa." Mimi nilikuwa nimechagua masuke makubwa kuliko yote yawe mbegu, nikayaning'iniza juu ya meko yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Hata hivyo, usingizi ulikuwa mfupi.

Jumatatu mvua ikaanza. Goti langu limevimba, lakini niliingia shambani kabla hata Atieno hajafungua mlango wake. Nilipofika katikati nikageuka. Atieno na Awuor walikuwa nyuma yangu, na nyuma yao majirani wawili, wale wale wa kanisani, wameshika bakuli tupu, wanaomba mbegu.

Niliwapa, mwanangu. Niliwapa na maelezo marefu kuliko yako yote: nafasi, kina, ndege, moshi. Mmoja akauliza, "Mama Mtama, ofisa gani alikufundisha haya yote?"

Nikamwambia, "Huyo nilimzaa mwenyewe."

Kula vizuri huko kwenye joto, na ukae na amani.

Mimi mama yako, na goti langu